Maikrowevu Iliyokuja Rubondo

Juzi mdogo wangu anayeishi Mbarara alinipigia simu saa ya chakula. "Yaya," akasema, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "maikrowevu yangu inawaka taa, inazunguka, inalia, lakini chai inatoka baridi." Nikaanza kumuuliza: umeichomoa kwanza? Umejaribu soketi nyingine? Umeijaribu na kikombe cha maji matupu? Kabla sijamaliza akanikatiza. "Acha tu, Yaya. Nitanunua ingine." Nikabaki na simu mkononi hapa kambini Rubondo, nikijiuliza siku hizi watu wanapata wapi haraka yote hii.

Kaa kidogo, rafiki, nikusimulie. Sisi tulihangaika na mashine kama hiyo msimu mzima wa maharage, na hakuna aliyewazia kuitupa.

Mama yetu alikuwa amefariki, baba tulishamwacha kaburini kule Kivu. Mimi nilikuwa mkubwa, nikaacha shule ili niwalee wadogo zangu watatu. Alfajiri nilichota maji, nikapika maharage na bugali, nikafunika, kisha nikaenda kulima mashamba ya watu upande wa njia ya Ngarama. Mchana wadogo zangu waliwasha moto wenyewe kupasha chakula. Siku moja moto ukashika gauni la kitindamimba wetu. Jirani alimvuta akamviringisha mchangani, akapona, lakini mkono ulibaki na kovu.

Marehemu bibi alizoea kusema, "Moto ni mgeni mkali, usimwache na watoto." Akina mama wa blok yetu, mtaa wetu wa kambini, walikutana wakasema vilevile, kwa maneno marefu zaidi. Uamuzi wao ulikuwa tugawanywe: kila mtoto nyumba yake. Nikalia, nikapiga magoti. Kiongozi wao, mama mnene mwenye sauti ya kanisani, akasema, "Basi, mupaka tuvune maharage. Ukipata namna batoto bale chakula moto bila kuwasha moto, mutabaki. Ukikosa, usituchukie."

Kula moto bila kuwasha moto! Nilitembea na maneno hayo kichwani hadi yakakosa maana. Ndipo nikakumbuka Mbarara. Kulikuwa na mama Mwislamu mwenye duka la vitenge ambaye mama yetu alikuwa akimpelekea sombe, majani ya muhogo. Nyuma ya duka lake nilikuwa nimeona kisanduku kinachopasha chai bila mkaa wala kuni. Nikamwendea. Nikamweleza shida yetu, akasema alikuwa tayari amenunua kikubwa zaidi, nichukue kile cha zamani. Nikarudi nacho juu ya boda, nimekikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Umeme ulikuwa umefika kwa jirani mwenye mashine ya kusaga mahindi. Alituvutia waya mmoja nami nikawa nafagia unga wake jioni. Tukaweka maharage kwenye sahani, tukafunga mlango, tukabonyeza. Taa ikawaka, sahani ikazunguka. Mara cheche za buluu zikaruka ndani, ta-ta-ta! Wadogo zangu wakashangilia: "Moto umewaka! Moto umewaka!" Na mimi nikapiga makofi. Ungekuwa wewe usingepiga? Tangu kuzaliwa tulijua cheche ndizo mwanzo wa kupika.

Kengele ikalia. Maharage yalikuwa baridi kama maji ya bomba.

Tulijaribu tena, cheche tena, baridi tena. Tukaigeuza, tukaifuta, tukachungulia nyuma kutafuta mahali moto unapokaa. Wadogo zangu walisema labda maharage ni mengi, tukapunguza. Nikaifunga kwa kitenge nikairudisha Mbarara kwa fundi wa redio. Akaweka ndani glasi ya maji, akabonyeza, maji yakachemka mbele ya macho yangu. "Nyabo, dada yangu, hii iko mzima. Wewe ndiye unaumwa," akasema, akacheka.

Nilirudi nayo Rubondo, na cheche zikarudi. Mwenye mashine ya kusaga akatikisa kichwa. "Umeme wa Mbarara umeshiba. Wa huku uko na njaa." Mwingine aliyeleta mahindi akadakia, "Hapana, hata ile kintu inajua mukimbizi!" Wote wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu maharage shambani yalikuwa yameshaanza kukauka, nami sikujua tena niamini nini.

Tulipomaliza kuvuna, kiongozi wa mama akapita asubuhi kuniambia wangekuja mchana huohuo. Nikaazima simu, nikampigia mama wa vitenge aje achukue kitu chake.

"Munaweka nini ndani?" akauliza.

"Maharage, mama."

"Kwenye nini?"

"Kwenye sahani."

"Sahani gani?"

Sahani ni sahani. "Sahani ya kulia, mama. Zile tulipewa Kabazana, kwenye mapokezi, tulipofika."

"Ya bati?"

"Sasa kuna za nini?"

Alicheka hadi akakohoa. "Wee mutoto! Chuma haingii mule! Weka udongo, ama glasi!"

Nyumba yetu haikuwa na chombo hata kimoja ambacho si chuma. Nikakimbia kwa mama mfinyanzi wa Kirundi, akanipa bakuli la udongo, na hakuniuliza la nini.

Mama wa blok walikuja wakajaa mlangoni. Taa, kuzunguka, kimya. Hakuna cheche. Wadogo zangu wakanitazama kwa hofu, wakidhani sasa imekufa kabisa. Kengele ikalia. Kiongozi akachovya kidole kwenye maharage. "Uwii!" Akakilamba, akainama akatazama chini ya mashine, akatazama nyuma. "Na moto uko fasi gani?" Akajinyoosha. "Mutabaki," akasema.

Tukabaki. Tulilala wanne kwenye mkeka mmoja, tukala bakuli moja, na jioni kelele za mashine ya kusaga zikikoma tulisikia ngoma za kanisa. Jirani yule na mashine yake alishahama. Mama mnene alizikwa. Wadogo zangu wakakua: mmoja yuko Mbarara, mwingine alipandishwa ndege kwenda nchi ya theluji, na kitindamimba anafuata kazi mji baada ya mji, simu yake haipatikani.

Hili ndilo linalonichanganya, rafiki. Mama wale walitaka kutugawa kwenye nyumba nne za blok moja. Ningekuwa nikiwaona wadogo zangu kila asubuhi kwenye foleni ya bomba, tukisukumana na kutukanana. Nilipigana wasinichukulie watoto, nikashinda, na sasa sijui nilishinda nini. Siku hizi naenda bombani na dumu moja, na linatosha.