Mtumbwi Wenye Kioo Tumboni

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa niliamini kwamba ziwa lina masikio. Jambo hilo sikulitunga mwenyewe. Nililipokea kwa Bibi, mzaa baba, mwanamke aliyeshinda na rozari shingoni na bado akamhofia Mugasha, yule mwenye ziwa wa wazee wetu, kuliko alivyomhofia paroko. Sisi wajukuu tulizoea kumcheka kwa hilo. Mwaka ule tuliacha kumcheka.

Kaka yangu mkubwa alikuwa amekwenda Muleba kutafuta dagaa wa kuja kuuza Bukoba. Akapanda mtumbwi wa wavuvi kuelekea kisiwani, upepo ukawakuta katikati, mtumbwi ukapinduka. Wenzake waliokolewa, yeye hakuonekana. Wavuvi walimtafuta kwa nyavu siku nne. Mwisho walitwambia kwa sauti ya chini kwamba aliyezama kwa kawaida huibuka mwenyewe siku ya tatu, na asipoibuka, basi tena.

Kwetu mtu asiyepatikana huzikiwa mgomba. Shina linakatwa, linavalishwa sanda, linaombewa, linafukiwa, na watu wanarudi makwao. Wazee wa ukoo walikuja nyumbani Rwamishenye kulisema hilo. Mama, ambaye hakuwa amekula kitu cha maana tangu habari ifike, aliwajibu mara moja tu.

"Mimi sikuzaa mgomba."

Basi Taata, yaani baba yangu, akaingia kwenye karakana yake. Alikuwa seremala wa vitanda na makabati, mtumbwi hakuwahi kuunda maishani. Alichounda kilikuwa kama sanduku refu, bapa chini, jembamba mbele. Kisha aling'oa kioo cha dirisha la sebuleni, akakipachika kwenye sakafu ya mtumbwi na kuziba kingo kwa lami. Alitaka kutazama chini ya maji. Nikiikumbuka ile sebule yetu iliyobaki na turubai dirishani, naona wazi kwamba tulikuwa tumefika mwisho wa akili zetu.

Macho yake mwenyewe yalikuwa yameshaharibiwa na vumbi la mbao, kwa hiyo akaamua nitakwenda naye. "Koku ana macho mapya," alimwambia mama. Mama hakubisha. Leo nina watoto, na bado najiuliza alikubali vipi nilale kifudifudi juu ya kioo nimtafute mwanawe. Au jibu ninalo, ila silipendi.

Asubuhi ya safari Bibi aliwasili kutoka Izimbya na kifuko cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Akatupa kila mmoja punje moja.

"Wekeni shavuni. Msitafune, msimeze, mpaka mtumbwi uguse maji," alisema. "Anayemfuata aliyezama hasemi aendako, wala hamtaji mtu wake njiani. Ziwa likilisikia jina, linamficha chini zaidi. Koku, umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Watu watauliza. Watu wa barabarani hawana dogo."

Mtumbwi ulifungwa juu ya tela, na tela likafungwa nyuma ya Land Rover kuukuu ya jirani yetu Mzee Swaibu, mwenye duka. Yeye alipopewa punje aliikataa kwa heshima zote. "Mama, mimi nina dua yangu. Hizo watafune wenyewe."

"Hawatafuni!" Bibi alimkaripia.

Niliwekwa kiti cha nyuma, nimegeukia mtumbwi, niutazame usije ukachomoka kwenye kamba. Taata alikaa mbele. Tela liliyumba, tukaenda mwendo wa kinyonga, na kila tuliposimama kukaza kamba watu walitujia. Kyetema mzee mmoja aliuzunguka mtumbwi mara mbili akauliza kama ni wa kukamulia rubisi, maana chombo cha kukamulia pombe yetu ya ndizi huchongwa kwa umbo kama lile. "Mtatualika lini, waitu?" aliuliza, watu wakacheka. Kemondo, ambako mitumbwi wanaijua, ilikuwa mbaya zaidi. Walichungulia chini ya tela wakakiona kioo.

"Hiki cha nini? Samaki wajitazame?"

"Mzee, hii haifiki mbali. Wimbi moja tu kwisha habari."

Taata alitikisa kichwa, midomo imefungwa, akaendelea na kamba zake. Wakamwona ana majivuno. "Mhaya huyo, anaringia hata sanduku!" mmoja alisema, na yeye mwenyewe alikuwa Mhaya. Niliwachukia watu wale chuki ambayo sikujua mtoto anaweza kuwa nayo. Siku hizi nawatetea kidogo. Mtumbwi wenye dirisha unapita barabara kuu, nani angenyamaza?

Muhutwe gurudumu la tela likapasuka. Taata na Mzee Swaibu wakalichukua kulipeleka kwa fundi wa pancha, nikaachwa nilinde mtumbwi. Watu wakajaa, vijana wa baiskeli, wachuuzi, wanafunzi waliotoka shule, wote wakiniuliza kwa pamoja. Nilikaza meno juu ya ile punje. Kijana mmoja akapanda ndani ya mtumbwi, akalala chali, akakunja mikono kifuani na kujifanya maiti. Wenzake wakaangua kicheko. Machozi yalinitoka nikiwa nimefunga mdomo, na wala hawakuona.

Mama mmoja muuza mananasi ndiye aliyeona. Aliacha beseni lake, akamvuta yule kijana kwa mkono mpaka chini, kisha akachuchumaa mbele yangu. Habari ya kioo hakuiuliza.

"Mwanangu, mnamfuata nani?"

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nilifikiri kwanza. Sikufikiri. Niliitema punje kiganjani.

"Kaka yangu," nilisema. "Anaitwa Deo. Yuko ndani ya maji."

Yule kijana alivua kofia yake, akabaki kuikunja na kuikunjua. Mama muuza mananasi aliniambia, "Wabonaki, mwana wange," ndiyo pole ya kwetu. Akafungua kanga yake ya juu, akaikunja vizuri, akailaza ndani ya mtumbwi, juu ya kioo.

"Mkimpata, mfunikeni."

Akarudi kwenye mananasi yake. Mimi nikairudisha punje shavuni haraka kabla Taata hajafika, ikiwa imeshaingia mchanga. Alipokuja aliiona ile kanga. Aliitazama, akanitazama na mimi, kisha akapiga magoti kufunga gurudumu.

Tulipofika ziwani Muleba, kwa siku tatu tulizunguka kando ya mafunjo, mbali kidogo na mwalo, ufuko wa kuegeshea mitumbwi, ambako wavuvi walikuwa wakitutazama kwa huruma. Taata alipiga kasia taratibu. Mimi nililala kifudifudi, viganja vimezunguka macho.

"Unaona nini, Koku?"

"Maji, Taata."

"Tazama vizuri."

Niliona ukijani, kisha tope, kisha majani yanayoyumba, na mara nyingi zaidi uso wangu mwenyewe. Alasiri ya siku ya tatu aliniuliza tena, nikajibu tena maji. Akaacha kasia. Alilia kwa sauti kubwa, hapo mbele yangu, bila kujificha, na mtumbwi ukawa unajizungukia wenyewe. Sikuthubutu kuinua kichwa. Nilijua ni nani aliyemficha kaka yangu, na mtu huyo alikuwa mimi.

Mgomba tuliuzika Rwamishenye, nyuma ya nyumba. Mama mwenyewe aliufunga ile kanga, akiipapasa kama anayemvalisha mtoto aliyelala. Bibi aliniuliza mara moja tu, "Njiani mlinyamaza?" Nikamjibu, "Tulinyamaza, Bibi." Alikufa akiamini hivyo.

Leo nafundisha sayansi sekondari. Nawaeleza wanafunzi kwa nini mwili huibuka na kwa nini mwingine hauibuki, na maelezo yangu ni sahihi kabisa. Hata hivyo, nikiwa karibu na maji silitaji jina la Deo. Nimejisuta kwa hilo mara nyingi, haisaidii.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia Taata. Mama ameshatangulia, na macho ya Taata yamekwisha kabisa. Tulikaa sebuleni, karibu na dirisha lile. Sijui ni nini kilinisukuma, pengine ni kumwona ameligeuzia uso dirisha asiloliona.

"Taata, pale Muhutwe nilimtaja."

"Najua. Kanga haikujileta."

"Mbona hukunigombeza?"

Alipapasa fremu ya dirisha.

"Ningekugombeza kwa lipi? Punje yangu niliimeza hatujaimaliza hata Rwamishenye. Nilikuwa namwita, Koku. Njia nzima namwita chini kwa chini. Mzee Swaibu alinisikia, akajifanya hasikii. Miaka yote hii nimekuwa nikisema, ni mimi niliyempoteza mtoto."

Nilipandwa na hasira, kisha hasira ikageuka kitu kingine. Tulikuwa tumekula meza moja, tumemzika mama pamoja, kila mmoja akijihukumu peke yake kwa kosa lilelile. Kama lilikuwa kosa. Bibi alitaka kutupa angalau jambo moja la kufanya siku ambayo hapakuwa na la kufanya, nasi tukaligeuza mzigo. Simlaumu. Wageni wa barabarani walituuliza tunamfuata nani, na sisi wenyewe nyumbani hatukuwahi kuulizana.

Nilimwomba aniambie alikuwa akimwitaje. Akainua uso kuelekea upande wa ziwa, akaita kwa ile sauti aliyotuitia jioni tulipochelewa kurudi kutoka kucheza.

"Deo! We Deo! Rudi nyumbani, chakula tayari!"

Nami nikaita pamoja naye.