Liwali wa Kijapani Kihambani Kwetu

Mwaka ule baba alikuwa akipoteza macho, na mdogo wake, ng'ambo ya mfereji, alikuwa akipoteza uhai, na wawili hao hawakuwa wakisalimiana. Mimi nilikuwa nikimsomea baba habari za liwali mmoja wa Japani.

Sikupanga. Kitabu nilikiokota kwenye meza ya mitumba sokoni Tengeru, katikati ya mikanda na soksi, nikakinunua kwa sababu kilikuwa kinene. Kilikuwa cha Kiingereza, jalada limeng'oka, kikisimulia maisha ya samurai aliyetawala jimbo la milimani zama za vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nchi yao ilikuwa na wafalme wawili, mmoja kaskazini na mwingine kusini, kila mmoja akijiita wa kweli.

Kila Jumamosi nilipanda kutoka kwangu Sakina hadi nyumbani kwa baba, huku mteremkoni juu ya Tengeru. Tukishakula loshoro ya mahindi na mtindi, baba alivaa koti lake zito, akakaa barazani uso ameuelekeza kwenye mlima ambao hakuuona tena. Macho yangu yalisoma Kiingereza, mdomo ukatoa Kiswahili, na Kiswahili kilipogoma nikachomeka Kimeru. Samurai akifoka kwa Kimeru ni jambo la kusikia mwenyewe.

Baba alikuwa mwenyekiti wa kijiji miaka mingi, kwa hiyo alimchukua liwali kama mwenzake wa kazi. Mapigano hayakumvutia, nilipofika kwenye mapanga alipiga miayo. Alichotaka ni siku za kawaida: liwali akiamua kesi ya maji, akitengeneza paa la hekalu, akingoja barua ya mfalme ambaye hajawahi kumwona. Nilipofika pale liwali anapoagizwa achukue nusu ya kodi ya mpunga ili kulisha askari, baba aliinua mkono.

"Nusu? Na wakulima walisemaje?"

"Kitabu hakijasema, baba."

"Aliyeandika hajawahi kuitisha mkutano wa kijiji huyo."

Alasiri ukungu ulishuka kutoka Meru, ukaingia taratibu kihambani, shamba letu la urithi, ukameza kwanza miti ya kahawa, kisha migomba, kisha zizi. Naapa kuna siku niliwaona. Wapanda farasi, kofia zao za chuma zimelowa, wakipita kati ya migomba bila kutikisa jani, na nyuma yao mtu mmoja mnene aliyechoka, anayewaza barua. Labda nilisinzia. Nilipomwambia baba, alisema yeye huwaona kila Jumamosi, tena vizuri kuliko mimi.

Jumamosi moja tulifika kwenye sura ambayo wafalme wote wawili wanamwita liwali vitani, ndani ya mwezi mmoja. Liwali anawaza siku tatu. Halafu anamwita mdogo wake na kumwambia: wewe nenda kusini, mimi nibaki kaskazini, ili yeyote atakayeshinda, ardhi ya baba yetu ibaki mikononi mwetu. Mdogo mtu anainama, anapanda farasi, anaondoka. Nilisoma haraka haraka kwa sababu nilitaka chai. Nilipoinua uso, baba alikuwa analia.

"Niendelee?"

"Funga, mama." Aliniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. "Mimi na baba yako mdogo tulifanya hivyo hivyo."

Nyumba ya baba mdogo iko hatua mia mbili kutoka kwetu, na sikuwa nimekanyaga huko tangu shule ya msingi. Sababu niliyoijua ni ile iliyojulikana na wote. Usharika wetu kanisani uligawanyika pande mbili, ndugu wakanuniana, kahawa za watu zikakatwa. Baba alibaki upande wa zamani, baba mdogo akaenda kwa wapya. Nikikutana naye sokoni niligeuza shingo, tena kwa bidii, nikidhani namtetea baba.

"Nilimtuma mimi," baba alisema. "Nilimwambia aende kwa wapya, mimi nibaki, mtu asije akatukatia kahawa. Na haukukatwa hata mche mmoja."

"Sasa ugomvi ulipokwisha, mbona hamkupatana?"

Kwetu, watu wakikosana, mwenye kosa huchuma jani la isale, lile la mipakani, akalifunga fundo na kumpelekea aliyemkosea. Mtu akikujia na isale huwezi kumfukuza. Bila isale, hakuna anayeanza.

"Nani angepeleka?" baba aliuliza. "Mimi sikumkosea. Naye hakunikosea. Ningepeleka, ningekiri kosa ambalo halipo."

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka moto. Wazee wawili wenye akili zao timamu, wamenyimana salamu karibu miaka thelathini kwa sababu hakuna aliyekosa! Na mmoja amerudishwa kutoka hospitali ili afie kwake. Nilikwenda mpakani, nikachuma isale, nikamwekea mkononi. "Funga fundo, baba. Kosa tutalitafuta njiani."

Nilidhani atanigombeza. Alifunga.

Nilimvusha mfereji kwa kumshika kiwiko. Mama mdogo alifungua mlango, akaliona jani, akatupisha. Baba mdogo alikuwa kitandani, amebaki mifupa.

"Shikamoo, kaka," alisema.

"Marahaba." Baba alinyoosha jani, lakini alilielekeza ukutani. Nikamgeuza polepole. "Nilikutuma, mdogo wangu. Nimekuja kukurudisha."

Baba mdogo alijigeuza upande wetu. "Ulinituma?"

"Hukumbuki? Kwa ajili ya kihamba."

"Nakumbuka uliniambia niende. Ulikuwa umesimama mlangoni." Alivuta pumzi. "Mimi miaka yote hii nilijua umenifukuza. Nilikuwa nangoja kuambiwa nilikosa nini."

Baba alipapasa ukingo wa kitanda, akapiga magoti yote mawili, kaka mkubwa mbele ya mdogo wake, jambo ambalo kwetu halifanywi.

"Basi kosa lipo," alisema. "Ni langu. Nisamehe."

"Inuka, kaka. Sakafu ina baridi."

Hakuinuka mpaka jani lilipopokelewa.

Baba mdogo aliishi siku kumi na moja baada ya hapo. Baba alishinda siku hizo zote kando ya kitanda kile, na mimi hadi leo nina hasira, kwa kuwa zingeweza kuwa miaka.