Mlingoti wa Pili

Kila nikitoa pamba iliyonasa kwenye mashine ya kukaushia nguo za madam, hapa Jeddah, harufu yake hunirudisha utotoni, kwenye uwanja wa kiwanda cha nguo. Wasichana tulicheza pekupeku, mpira wa makaratasi. Soja wa geti akatufokea, "Tokeni! Uwanja ni wa timu ya kiwanda." Mama alikuwa anatoka zamu, nywele zimejaa pamba. Akatua mkoba wake nyasini, akasimama hatua chache pembeni. "Mkoba ni mlingoti wa goli, mimi ni wa pili," akamwambia soja. "Ning'oe!" Tukacheza mpaka giza.

Leo binti ya madam anapiga mpira uani peke yake. "Yalla, kazi!" madam ananiita kutoka mlangoni. Nimetua beseni la nguo, nikasimama hatua chache pembeni.

"Piga," nimemwambia mtoto. Madam na aje aning'oe.