Analia, Mimi Nikaandika Anasalimia

Mwalimu aliyeninoa Kiingereza alikuwa mstaafu mkali, mwenye chumba nyuma ya duka la vitambaa pale Kanyenye, Tabora. Nilikuwa muuguzi wa miaka kumi na moja kazini, lakini mbele yake niligeuka mtoto wa darasa la tatu. Siku moja nilitaka kuuliza mtu anakaa wapi, nikatumia neno "stay". Aligonga meza. "Hicho ni Kiingereza cha stendi! Sema 'live'!" Nikashika. Nikafanya mtihani, nikafaulu, nikapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Uskoti, kwenye mji mdogo wa pwani ya mashariki.

Siku ya kwanza kazini, mwenzangu wa zamu, mama wa makamo mwenye nywele nyekundu, alinigeukia akauliza, "Where do you stay?" Nikaduwaa. Nilidhani ananitega.

Hilo ndilo neno pekee nililolishika siku ile. Baridi nilikuwa nimejiandaa nayo. Mama yangu, kule mtaa wa Ng'ambo, Tabora, alinifungia sweta mbili na chupa ya asali. Kilichonikuta bila maandalizi ni kutoelewa lugha ambayo nina cheti chake. Kila kitu kwao kilikuwa "wee", yaani kidogo, hata kikombe cha chai kinachotosha watu wawili. Ukimuuliza mtu hali, anajibu siyo mbaya, kumbe ana maana mzima kabisa. Bibi wa chumba namba sita, aliyewahi kuwa mpishi wa shule, aliniita "hen". Kwa Kiingereza cha Kanyenye, huyo ni kuku jike. Wiki nzima nilijiuliza nimemkosea nini, mpaka nikamsikia akimwita hivyo hivyo binti yake wa kumzaa, tena kwa upendo.

Chumba cha chai kilinitesa kuliko wodi. Walizungumza kwa kasi, wakicheka nami nacheka, nikichelewa kidogo tu nyuma yao. Siku moja nilicheka peke yangu. Mwenzangu alikuwa anasimulia jinsi mbwa wake alivyokufa.

Tangu siku ile, kila asubuhi nikiliona geti nilipunguza mwendo. Na bado sikuuliza. Nilikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio, na kibali changu cha kuishi kilifungamana na kazi ile. Niliogopa watasema wameletewa muuguzi asiyesikia lugha. Basi nikajifunza kuitikia. "Aye," nilisema, ndiyo, kwa kila nililoambiwa, kisha nikawatazama wengine wanafanya nini nami nikafanya.

Mama akipiga simu alikuwa na maswali yale yale.

"Umezoea, mwanangu?"

"Nimezoea, mama."

"Wanakusalimia?"

"Wanasalimia, ila kwa kukimbia."

"Basi wewe usikimbie. Mtu anayesalimia ana afya ya moyo."

Ilikuwa Jumanne ya wiki ya saba. Niliingia saa nne asubuhi, na katika kunikabidhi wazee mwenzangu wa nywele nyekundu, aliyeanza alfajiri, alipitia vyumba kimoja kimoja. Alipofika namba sita alisema, "She's been greetin since her breakfast." Nikafurahi. Yule bibi asubuhi huwa kimya, na neno lile, "greetin", nililijua vizuri, ni kusalimia. Nikawaza, afadhali, leo kaamka vyema.

Mzee wa chumba cha pili alikuwa na kidonda cha kufungwa upya, nikaanza na huyo, kisha jirani yake, kisha dawa. Nilipopita namba sita bibi alikuwa kwenye kiti, uso kaelekeza dirishani. Nikamsalimia toka mlangoni. Akainua mkono mmoja bila kugeuka. Nikaenda zangu, na kwenye daftari la kumbukumbu nikaandika: amechangamka, anasalimia watu tangu asubuhi.

Saa saba nilimpelekea chakula. Uso ulikuwa umelowa. Kifundo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimevimba na kuwa bluu, mkono wa sweta umembana. Alikuwa ameanguka bafuni alfajiri, akajizoa mwenyewe, akaona haya kusema. Kwa watu wa kule, neno lile la kusalimia ndilo la kulia. Bibi alikuwa analia tangu kifungua kinywa, mwenzangu kaniambia, nami nikapita.

Hospitali walisema mfupa umevunjika. Kesho yake meneja alituita ofisini, mimi na mwenzangu. Alisoma mstari wangu kwa sauti, polepole.

"Nani alikwambia anasalimia?"

Nikamgeukia mwenzangu. Alikuwa ameshaziba mdomo kwa mkono. "Mungu wangu," akasema, "mimi. Ila kwangu lile ni neno tu la kila siku."

"Mbona hukuuliza?" meneja akaniambia.

"Nilidhani nimeelewa."

Alifunga daftari. "Na zile mara nyingine zote unazosema 'aye'?"

Nikaanza kuzihesabu, nikaacha.

Nilipewa barua ya onyo na majaribio yakaongezwa miezi mitatu. Binti wa yule bibi aliomba nisiingie tena chumbani kwa mama yake. Sikumlaumu. Ingekuwa ni mama yangu, ningeomba vivyo hivyo. Mama mwenyewe sikumwambia. Alipouliza kama nimezoea, nilisema nimezoea.

Nikaanza kuuliza. Mtu asidhani ni rahisi. "Sijaelewa, rudia," mara kumi kwa zamu moja, huku nimejaa jasho ndani ya sare. Wengine walivuta pumzi. Mmoja akawa ananisemesha kwa sauti kubwa kama mimi ni kiziwi. Mwenzangu wa nywele nyekundu, bila kuombwa, akawa anasema kila jambo mara mbili, mara ya kwanza kwa namna yao, ya pili kwa namna ya mwalimu wangu.

Wiki ya tano tangu ajali, kengele ya namba sita ililia na ukumbini nilikuwa peke yangu. Nikasimama kizingitini.

"Sina ruhusa kuingia, bibi. Binti yako kakataa."

"Chumba hiki ni cha nani? Ingia, hen."

Nikaingia, nikamwekea mto vizuri chini ya mkono wenye plasta, nikamwomba radhi. Akataka nimweleze nilivyolielewa lile neno. Nikamweleza. Alicheka mpaka akaushika ule mkono kwa maumivu.

"Na kwenu kulia mnasemaje?"

"Kulia."

"Na kula?"

"Kula."

Akakunja uso. Akainua mkono wake mzima. "Na huu mnauitaje?"

"Mkono wa kulia."

"Nyinyi mna mkono wa kulilia," akasema, "halafu unatulaumu sisi?"

Kesho yake nilimwambia binti kwamba niliingia. Akaenda moja kwa moja kwa mama yake. Hakunishtaki. Baada ya hapo nikawa naingia.

Majaribio yalipokwisha nilithibitishwa, nikaja likizo Tabora. Siku ya tatu, mimi na mama tulikwenda Usinge kumwona shangazi, dada yake marehemu baba. Nyumbani kwake watu husema Kinyamwezi. Mimi nimekulia mjini, kwenye Kiswahili. Zaidi ya salamu nashika neno hapa na pale. Tangu utotoni, shangazi akizungumza, mimi huitikia tu, eeh, eeh.

Alikuwa anamenya karanga. Nikapiga goti, "Shikamoo shangazi," akaitikia "Marahaba mwanangu," akaanza kunisimulia jambo refu kwa Kinyamwezi, macho chini. Niliitikia mara mbili, tatu. Kisha nikalikumbuka swali la meneja kuhusu 'aye'.

"Shangazi, sijaelewa. Naomba unieleze kwa Kiswahili."

Mikono yake ikasimama. "Hujaelewa kuanzia wapi?"

"Kuanzia mwanzo."

Alimtazama mama, akanitazama mimi. "Na ule mwaka nilipokueleza ugonjwa wa marehemu mume wangu? Hapa hapa. Ukaitikia mpaka nikamaliza."

"Sikuelewa, shangazi."

"Wewe si muuguzi?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikaa nangoja useme neno. Uliponyamaza nikajua hakuna dawa."

Mama alikuwa anatazama uani. Shangazi alipangusa maganda kwenye kanga, akasogeza kigoda chake karibu nami. Kisha akarudia habari ile ya mwanzo, ya mjukuu wake anayeanguka kifafa, kwa Kiswahili, taratibu. Kila nilipokwama nilimsimamisha.