Oili Nyekundu Niliyotia Kwenye Gari la Mwalimu

Siku yangu ya kwanza gerejini Bukoba sikushika hata spana. Mkuu wa karakana, mzee mfupi tuliyemwita Ta Kaijage, alinipa vikopo vitatu vya oili, akaniamuru nifumbe macho na kuchovya kidole. "Ipi ya injini? Ipi ya gia? Ipi ya breki?" Nilikosea zote tatu. Mafundi wakacheka, maana hawakuwa wamewahi kuona msichana akiomba kazi ile. Ta Kaijage hakucheka. "Kesho utakosea mbili, Editha. Keshokutwa moja. Kisha utaanza kazi."

Enzi hizo gia zilikuwa za kubadilisha kwa mkono. Oili yake ilikuwa nzito, yenye harufu kali, na kazi yake kubwa ilikuwa kulinda meno ya gia yasilane. Baadaye zikaja otomatiki, tukajifunza haidroliki, ile oili nyekundu na nyepesi inayosukuma klachi za ndani. Nilizifungua nyingi. Hata nilipopelekwa kisiwa cha Goziba miezi kadhaa kutengeneza mashine za mitumbwi, wavuvi waliniuliza habari za magari waliyoacha kwao bara, nami niliwajibu papo hapo. Nilikuwa nimezoea kujibu.

Kisha nikahamishiwa tawi letu la Muleba, niwe fundi mkuu chini ya Meneja. Huko ndiko alikokuja Mwalimu Novati wa Kamachumu na gari lake dogo. Jiwe lilikuwa limepasua sampo, yaani bakuli la chini la giaboksi, na oili yote ilikuwa imemwagika njiani.

Gari lile lilikuwa na gia za mkanda. Nieleze kidogo. Ndani yake hakuna gia moja, mbili, tatu. Kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake hutengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza na bila kulika. Haya nayajua leo. Siku ile nilijua tu kwamba ni otomatiki.

Tulichomelea sampo ikakaa vizuri. Oili yake ndiyo hatukuipata, Muleba wala Bukoba. Ilibidi iagizwe Mwanza. Mwalimu alikuwa anampeleka mama yake kliniki ya macho Bukoba Alhamisi ile, na bibi yule asingeweza kubebwa kwa bodaboda.

"Ma Editha," aliniuliza, "hakuna oili nyingine inayoweza kushika nafasi yake?"

Nilimtazama Meneja. "Otomatiki ni otomatiki," alisema. "Tia haidroliki, aende zake."

"Inafaa, Mwalimu," nikasema.

Gari likatoka vizuri. Alhamisi wakaenda kliniki na kurudi salama. Wiki ya tatu, wakitoka tena kliniki, nilipigiwa simu mchana kwamba gari limegongwa kwenye mlima wa Kamachumu. Nilipanda bodaboda nikiamini ni breki.

Nilimkuta Mwalimu amesimama barabarani, shati limelowa jasho. Lori la ndizi lilikuwa limeingia ubavu mtaroni, mikungu imetapakaa. Nyuma ya gari dogo palikuwa pamebonyea kama kopo. Bibi alilazwa pembeni juu ya majani ya migomba, mguu wake mmoja umegeuka upande usio wake.

"Nilikanyaga mafuta," Mwalimu alisema, hanitazami. "Injini inalia, gari haliendi. Nikafunga breki katikati ya kona. Lori lile halikuwa na pa kupita."

Nikamwinamia mama yake. Bibi hakulia. Alinishika kidole akauliza kama ndizi za watu zimeokotwa.

Gari lilipovutwa gerejini nilifungua nati ya chini. Haidroliki yangu haikuwa nyekundu tena. Ilitoka nyeusi, inametameta vumbi la chuma kama magamba ya dagaa. Nikachukua tambara nifute kifuniko cha kijiti cha kupimia oili, kilichokuwa kimefunikwa na tope jekundu. Chini ya tope palikuwa na maneno machache ya Kiingereza, ambayo hata mimi wa darasa la saba niliyaelewa: tumia oili ya gia za mkanda tu, usitie nyingine yoyote.

Nilikaa sakafuni. Maneno yale yalikuwa pale siku zote. Sikuwa nimefuta.

Meneja aliyasoma, akakifunika kifuniko kwa kiganja. "Tutasema giaboksi ilikuwa imechoka. Umesikia?"

Kesho yake nilikwenda hospitali. Mwalimu alikuwa ameketi kando ya kitanda cha mama yake, aliyevunjika nyonga. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

"Nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo."

"Na hukujua."

"Sikujua, Mwalimu."

"Sasa kwa nini hukusema hujui?"

Bibi akasema, akiwa amefumba macho, "Mpe kiti."

Meneja alinifukuza wiki ileile. Nilirudi Bukoba, Ta Kaijage akanipokea bila kuuliza. Giaboksi nyingine ya gari la Mwalimu niliifunga kwa mikono yangu mwenyewe.

Vijana, sasa nimestaafu, natunza kahawa yangu, na watu hudhani kilichonishtua maishani ni kuona ajali. Hapana. Ni wepesi wa ulimi wangu. Neno "inafaa" lilinitoka kabla sijainama chini ya gari.

Wiki yangu ya mwisho kazini, Mwalimu alileta gari libadilishwe oili. Mama yake alikuwa kiti cha mbele, na mkongojo magotini. Oili ya mtengenezaji ilikosekana tena. Nilikuwa na ya gia za mkanda ya kampuni nyingine, na nilikuwa nimelinganisha maandishi ya ubavuni mwa kopo na yale ya kifuniko mara tatu.

"Leo unatia nini?" bibi akauliza dirishani.

Nikamkabidhi kopo. Hajui kusoma. Akalipeleka kwa mwanawe, naye akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kisha akainama kusoma kifuniko.

"Zinafanana, mama," akasema.

Bibi akanirudishia kopo. "Basi mimina," alisema. "Tunakuona."