Ukuta wa Turubai

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mwalimu wa udereva, na kazi hiyo imemharibu. Mtu anayeshinda kwenye kiti cha abiria akiwaambia watu wazima "breki, breki, nimesema breki" hawezi kurudi nyumbani jioni akawa mtu wa kawaida. Ukikaanga vitunguu atakuambia ulipaswa kuvigeuza kitambo. Ukifunga lango atakuambia ungeanza na komeo la chini. Na kila jambo kwake ni dakika kumi. Kupaka chumba rangi, dakika kumi. Kuvuka mji wakati wa foleni, dakika kumi. Tulikuwa tukimwita Dakika Kumi mbele ya uso wake, naye alicheka kwa furaha, maana alidhani tunamsifu.

Lakini si mtu mbaya, na ni haki niseme hivyo kabla sijaendelea. Mama alipoanguka kwenye ngazi za uani na kulala chini mpaka jirani aliposikia, Shemeji ndiye aliyesema wa kwanza kwamba hawezi kuachwa aishi peke yake tena. Mimi ni muuguzi wa zamu, naishi chumba kimoja cha kupanga ambacho ukifungua kabati mlango haufunguki. Dada na Shemeji wana nyumba, watoto wao wako bweni, chumba kipo. Shemeji alikipiga rangi mwenyewe na akafunga vyuma vya kushikilia bafuni. Tatizo lilikuwa Mama. "Kwa binti yangu ni sawa," alikuwa akisema, "lakini pale ni kwa mkwe. Sitaki kuwa mzigo kwa mkwe." Tulimbembeleza mpaka maneno yakatuishia. Mwishowe akakubali kwenda kujaribu mwezi mmoja, aone kama atazoea.

Hapo ndipo Shemeji alipoleta wazo la trela.

Alikuwa amelinunua kwa mhandisi wa barabara aliyemaliza mkataba na kurudi kwao. Likifungwa ni sanduku la chuma lenye magurudumu mawili, halikufiki kifuani. Ukiteremsha miguu yake minne na kuzungusha hendeli, paa linapanda, vitanda viwili vinavutwa nje huku na huku, turubai linanyooshwa pande zote, na unapata nyumba yenye madirisha ya zipu. Mhandisi alimfungulia na kumfungia mbele ya macho yake huku akipiga soga, na Shemeji akaangalia saa. Dakika kumi. Hakujiuliza mhandisi yule alikuwa amelifungua na kulifunga kwa miaka mingapi. Wazo lake lilikuwa kwamba tumpeleke Mama uwanja wa kambi kando ya bwawa, tulale usiku mmoja, apate hewa, achangamke, kisha kutoka huko twende naye moja kwa moja nyumbani kwao, asipate nafasi ya kubadili mawazo. Nilikubali. Hata leo naona lilikuwa wazo la mtu mwenye moyo.

Tulifika jua likiwa bado juu. Shemeji akampa Mama kiti cha kukunja, akamwambia, "Mama, wewe kaa tu, utazame. Dakika kumi unaingia kujinyoosha."

Kwanza alivuta kitanda cha nyuma kabla hajateremsha miguu, trela likainua pua juu na sufuria zote zikamiminika. Tukalishusha. Kisha miguu ikateremshwa lakini ardhi ilikuwa na mteremko, akaweka pimamaji, akachimba upande mmoja, akakuta upande mwingine ndio ulikuwa wa kuchimbwa. Fito za turubai zilikuwa zinafanana zote, na hazikuwa sawa hata mbili. Dada alisema, "Si hii ndefu inakaa katikati?" akajibiwa kwamba asimchanganye. Mimi nilishika kamba niliyoambiwa nishike, nikasahaulika nayo. Wenzetu wa pembeni, mume na mke waliofika nyuma yetu na hema la kawaida, walikuwa wameshapika, wameshakula, na wanaosha vyombo.

Mama alikuwa amekaa na mkoba wake mapajani kama mtu aliye kituoni. Mara mbili alimwambia Shemeji, "Baba, nishike nini?" na mara mbili akajibiwa, "Wewe kaa tu, Mama." Giza lilipoanza kuingia mume wa pembeni alikuja na tochi, akaomba kwa adabu kusaidia. Shemeji akamwambia tumekaribia kumaliza. Yule bwana akatuangalia, akaangalia turubai lililokuwa linaning'inia kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba, akarudi kwake. Nilimwonea Shemeji aibu kiasi kwamba nilijifanya natafuta kiberiti. Tulipoingia kulala Mama alisema kitanda ni kizuri sana. Alikisifu kupita kiasi, akisema hajawahi kulala mahali pazuri vile, na Shemeji alijua vizuri kwa nini anasifiwa.

Basi asubuhi aliamka na jambo moja tu kichwani, kulifunga lile trela upesi ili jana isahaulike. Kufunga ni kugumu kuliko kufungua. Turubai likikunjwa bichi linaota ukungu, kwa hiyo lazima umande ukauke, na siku hiyo mawingu yalikataa kuondoka. Alilifuta kwa taulo, akalipungia kwa gazeti. Begi kubwa la Mama, lenye nguo za mwezi mzima, alilitia kwanza kabisa kwenye sanduku la chini ya kitanda, kwa kuwa ndilo litakalotolewa mwisho, nyumbani. Mlinzi wa kambi akaja kutuambia kuna watu langoni wanasubiri nafasi yetu. Akaondoka, akarudi tena. Mara ya pili Shemeji alikuwa amebanwa kidole na fito, na nadhani hilo ndilo lililomaliza subira yake.

Mimi na Mama tulikuwa ndani. Nilikuwa nimepiga magoti nikimfunga kamba za viatu, yeye amekaa ukingoni mwa kitanda, na kati yetu na Shemeji palikuwa na kitambaa tu. Watu tuliozoea kuta za matofali tukiwa nje ya nyumba tunaamini walio ndani hawatusikii. Nilisikia sauti yake karibu kama vile ananinong'oneza mimi.

"Mimi na wewe tungelala kwenye kihema, saa hizi tuko njiani," alimwambia dada. "Vitanda, magodoro, ngazi ya kupandia, beseni, yote haya ni kwa ajili ya mama yako. Usiku mmoja tu, angalia nilivyo! Sasa huo mwezi utakuwaje?"

Dada akasema, "Shh!" lakini alichelewa.

Nilinyanyua uso. Mama hakuniangalia. Alikuwa anaangalia kiatu chake, akaninyooshea mguu wa pili nifunge na ule. Mikono yangu ilishindwa na fundo ambalo nimelifunga tangu utotoni. Nilitaka kukohoa, nilitaka kuimba, nilitaka kufanya kelele yoyote ya kumwambia yule mwanaume tupo huku, na sikufanya lolote. Niliona aibu utadhani maneno yale nimeyasema mimi.

Mama akasimama, akafungua zipu ya mlango, akatoka.

Shemeji alikuwa ameshika pindo la turubai. Aliona mlango aliotokea Mama, akaona alikosimama yeye, akapima kwa macho umbali kati ya hivyo viwili. Damu yote ilimkimbia usoni. Nimeona watu wakipewa majibu mabaya hospitali, najua uso ukishuka unavyoshuka.

"Baba," Mama akasema, kwa sauti ileile ya kila siku, "nishike upande gani?"

Safari hii hakuambiwa akae. Alishika pindo la pili. Turubai lile hukunjwa na watu wawili kama shuka, kila mmoja na ncha zake, mnatembea kuelekeana mpaka mikono ikutane, mmoja anampa mwenzake ncha, anarudi nyuma kushika mkunjo. Mama na mkwe wake walikutana hivyo mara kadhaa, mikono ikigusana, na kila walipokutana Shemeji aliangalia chini. Nilimwona akijaribu kusema. Kila akikaribia, Mama alikuwa anampa ncha na kusema, "Haya, shika," naye anashika. Dada alikuwa amesimama nyuma ya gari, ametupa mgongo.

Tukaingia barabarani. Shemeji, ambaye huwa anamfundisha kila dereva tunayempita, aliachia malori yamkate bila hata kupiga honi. Tulipofika njia panda, kulia kwenda kwao, kushoto kwenda kwa Mama, akawasha taa ya kulia.

"Baba, kata kushoto," Mama akasema.

"Mama!" dada akageuka kiti kizima. "Si tumekubaliana?"

"Nataka kwangu, mwanangu. Siku nyingine."

Sote tulijua hakuna siku nyingine. Shemeji alizima taa ya kulia, akawasha ya kushoto.

Langoni kwa Mama ndipo tulipokumbuka begi. Liko chini ya kitanda, na kitanda kikiwa kimefungwa hakuna mkono unaofika huko. Mama akasema liacheni, mtaniletea. Nikamkumbusha kwamba dawa zake za presha zimo humo, na ya mchana ilikuwa imeshapita wakati. Kwa hiyo ilibidi trela lifunguliwe pale pale barabarani, mchana kweupe, mtaa ambao Mama ameishi tangu mimi sijazaliwa.

Fundi cherehani wa ng'ambo alisimamisha mashine. Kinyozi alitoka na mteja wake, kichwa kimenyolewa nusu, shuka bado limefungwa shingoni. "Mnahamia barabarani?" fundi akauliza, watu wakacheka, na kicheko kilikuwa cha ujirani tu, bila ubaya. Shemeji alipiga magoti, akateremsha miguu mmoja mmoja, akaweka pimamaji, akazungusha hendeli. Hakumwamuru mtu. Hakuangalia saa. Paa lilipanda, kitanda kikavutwa, na kazi ilikwenda vizuri hata kinyozi akapiga makofi. Ningependa angekosea. Ningependa lile dude likwame, tupate la kugombana nalo, kuliko kumwona anafanya kwa upole mbele ya watu wanaomsifu, huku sisi watatu tunajua anachokitoa mle ndani ni nini.

Akalichukua begi, akaliingiza ndani mwenyewe. Mimi nilimfuata na mkoba na beseni. Sebuleni kwa Mama viti vilikuwa tayari vimefunikwa kwa ajili ya vumbi la mwezi mzima. Mama akafunua kimoja, akakaa. Shemeji aliweka begi karibu na miguu yake, na badala ya kusimama akabaki amechuchumaa pale pale, mwanaume mwenye mvi.

"Mama," akasema, "nisamehe. Ulinisikia nilichosema, na sina cha kujitetea. Nilikuwa najionea aibu mwenyewe kwa ule ujinga wangu wa jana, nikaitupa kwako. Naomba urudi garini. Twende nyumbani."

Mama alimwangalia usoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa muda mrefu hivyo.

"Nimeshakusamehe, baba. Nilikusamehe palepale, kabla kiatu hakijafungwa. Umechoka, mtu akichoka anasema. Sina kinyongo na wewe, na rangi ya chumba niliiona, ni nzuri." Akanyoosha mkono, akafungua zipu ya begi, akaanza kutafuta dawa zake. "Lakini siji. Nikiwa kwako, siku utakayofunga mlango kwa nguvu kidogo, hata kama ni upepo umeusukuma, mimi nitalala macho nikijiuliza nimefanya nini. Na wewe utaanza kufunga milango kwa kunyata ndani ya nyumba yako mwenyewe. Hayo si maisha, si yangu wala si yako."

Nikamletea maji, akameza vidonge vyake. Shemeji akasema, "Ndiyo, Mama," mara mbili, akainuka kwa kushika mkono wa kiti. Alipofika mlangoni alisimama pale muda mrefu, amenipa mgongo, kwa sababu nje watu walikuwa wamezidi kukusanyika, wakingoja kwa furaha kumwona akilifunga trela.