Nilivyorudi Homa Bay Mara ya Pili

Niliondoka nyumbani, nje kidogo ya mji wa Migori, kwa sababu nilichoka kujificha. Miaka sita nyuma uchungu wa uzazi ulinishika siku tatu. Mtoto alizaliwa amekufa, nami nikabaki na fistula: mkojo ukivuja mchana na usiku, hauzuiliki. Majirani walisema nimelaaniwa. Mume wangu alienda Nairobi, akanyamaza. Aliyebaki nami ni mama yake, Mama Dorka. Siku redio ilipotangaza kwamba ugonjwa huo unatibiwa Homa Bay, aliweka jembe chini.

"Nyathina, mwanangu, Nyasaye, Mungu wetu, hajakusahau. Tunaenda."

Saa kumi na mbili asubuhi tulipanda pikipiki. Gari sikulitaka, kondakta mmoja aliwahi kunishusha mbele ya abiria kwa ajili ya harufu. Nilijifunga vitambaa vitatu, nikatandika nailoni kwenye kiti. Mama alinishika kiuno, na mpaka Rongo alikuwa akiomba kwa sauti kuushinda mngurumo wa injini.

Rodi Kopany tulifika jua limeshakuwa kali na vitambaa vimelowa chepechepe. Nilimwendea mama Mkisii aliyeuza ndizi kando ya barabara, nikamwomba mahali pa kubadilisha nguo. Aliangalia sketi yangu, kisha uso.

"Uko na ile shida ya kuvuja?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Usiogope, dada. Mtoto wa shangazi yangu alikuwa nayo. Bafu iko nyuma ya kibanda. Chukua hii ndoo, maji ni safi."

Nilioga nikilia. Tulipoondoka, yule muuzaji alikuwa ameshatia ndizi kwenye mkoba wa Mama.

Homa Bay, hospitalini, nilikuta wanawake wanane wenye shida yangu, wengine wametoka visiwani. Kila mmoja alidhani yuko peke yake duniani. Nilipasuliwa, nikalala wiki mbili na mpira wa mkojo. Asubuhi ulipotolewa, nilitembea hadi dirishani ili nitazame ziwa. Kabla sijafika, nikahisi joto likiteremka mapajani.

Daktari, mwanamke mpole, hakunificha. "Tundu limepungua lakini halijaziba. Kidonda kipone kwanza, miezi mitatu, halafu tujaribu tena. Siwezi kukuahidi."

Nilijilaza nikageukia ukuta. Nikamwambia Mama turudi Migori, nizeeke hivi hivi. Hakunihubiria. Alivuta beseni, akaanza kufua vitambaa vyangu.

"Mimi nimezika watoto wanne," alisema bila kuinua kichwa. "Nilimwuliza Nyasaye kwa nini. Mpaka leo hajanijibu. Lakini kila asubuhi ameniamsha, nikalima. Wewe lia, ni sawa. Lakini hapa tutarudi."

Nililia mpaka nikachoka. Kisha nikaomba maneno machache tu: "Mungu, sijui utafanya nini. Mimi nitarudi."

Kosele ndiko tulikongojea miezi hiyo, kwa Mama Rispa, dada yake Mama Dorka. Jumapili ya kwanza alinishika mkono mpaka kanisani, mstari wa mbele. Watu walipogeuka, akawaambia, "Huyu ni binti yetu, anangoja matibabu. Mwombeeni." Wengi waliomba. Wawili walihama benchi. Mimi sikuhama, wala Jumapili zilizofuata.

Mara ya pili Homa Bay, nilipasuliwa tena, nikalala tena na mpira. Ulipotolewa, nilisimama katikati ya wadi nikiogopa hata kupumua. Saa moja ikapita. Mbili. Nesi alikagua shuka, akakagua tena.

"Dada, umekauka."

Mama Dorka alitoka mbio akipiga vigelegele, mlinzi akimfuata kumnyamazisha.

Tuliporudi tulipitia Ndhiwa. Mama alinunua mbegu za mahindi sokoni, maana mvua ilikaribia, na kesho yake tulikuwa shambani sote wawili.

Watu huniuliza kama siku ile ya shuka kavu ndiyo iliyonifundisha kumtegemea Mungu. Siku ile nilifurahi tu, na furaha haihitaji kufundishwa. Kumtegemea nilijifunza ile asubuhi nyingine, nikiwa nimelowa, sina ahadi ya daktari wala jibu la Mungu, nikasema nitarudi, na nikarudi.